Flashi ya Nathaniel

Maiti ya Nathaniel, karani wa ghala la unga wa lishe Kibondo, ilikutwa Jumanne asubuhi nyuma ya mizani. Shingoni ilikuwa na alama ya kamba ya magunia. Ndani ya soksi mlikuwa na flashi.

Mtaalamu wa kompyuta aliichomeka, akamtazama Inspekta Loyce.

"Ndiyo yenyewe, afande. Unazima kompyuta ya mtu, unachomeka hii, unawasha upya. Ukiichomoa, mashine haikumbuki kitu, na mtandaoni hujulikani ulipo."

Loyce alikaa chini. Miezi miwili alikuwa akipokea barua pepe zisizo na jina: unga wa watoto wenye utapiamlo unauzwa. Mwandishi alimweleza kwamba hutumia flashi ya namna hiyo ili asijulikane. Badala ya kwenda kukamata watu, aliandikia ghala barua rasmi kuomba maelezo. Kwa kujisifu tu, akaeleza humo jinsi mtoa taarifa wake anavyotumia flashi. Barua ilibandikwa ubaoni, kila mfanyakazi akaisoma.

Mjane alisema mumewe alikuwa akienda Kasulu kila Jumamosi. Huko, Loyce alimwonyesha picha Tamimu, mwenye duka la intaneti.

"Namjua sana, afande. Wenzake wanakaa tu wanaanza kuchapa. Huyu lazima kwanza anizimie mashine."

"Nani mwingine alimuulizia?"

"Bwana mmoja, wiki iliyopita. Kanisalimia vizuri tu. Akauliza, nani huwa anakuja na flashi, anazima kompyuta kwanza? Nikamwambia, yule mpole wa Kibondo, Nathaniel. Nilidhani ni ndugu yake, wallahi."

"Ana alama gani?"

"Mkono wa kushoto hana kidole gumba."

Pale ghalani asiye na kidole hicho alikuwa mmoja tu, Theonest, mpima mizani. Hakusumbua.

"Nilimnyonga mimi, afande."

"Kwa nini? Mlikuwa mnakula sahani moja."

"Alikuwa ananiandika kwenu! Nilichukua magunia sita. Sita tu! Binti yangu yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi. Nikifungwa, nani atamsomesha?"

Loyce alitoa barua pepe ya mwisho. Aliisoma polepole.

"'Wanaouza ni wakubwa. Mkitaka shahidi mwaminifu, mwiteni Theonest wa mizani. Huyo hajagusa hata kiganja cha unga. Ila msimtaje popote, nawaomba, ana binti anayesoma.'"

Theonest alilia kwa sauti, kamasi zikimtiririka, na Loyce hakumpa kitambaa.

Alipotulia, wakaanza maelezo ya onyo, yale yanayoandikwa ili yatumike mahakamani.

"Ulijuaje kwamba mwandishi ni Nathaniel?"

"Kwa ile barua yako, afande. Sikuwa najua mambo ya flashi. Niliposoma, nikazunguka maduka yote ya intaneti ya Kibondo, halafu Kasulu, naulizia anayezima mashine." Akajifuta uso kwa mkono. "Hilo nalo unaliandika?"

Askari wa zamu mlangoni aliinamisha macho. Loyce aliandika neno kwa neno, pamoja na jina lake mwenyewe na cheo, kisha akamsogezea Theonest karatasi aweke sahihi.