Mguu Mmoja Peku

Jumapili ile, baada ya adhuhuri, Asma alifunga nyumba yake ya Majengo kwa kufuli, akautumbukiza ufunguo mkobani na kupanda pikipiki kwenda kwenye ukumbi mmoja wa Himbi. Alikuwa amejifukiza udi kama bi harusi. Majirani walimtania, naye akacheka. Mwanawe Aruna alikuwa anacheza teatre ya nyimbo kuhusu maisha ya baba yake, Kitwana, mpiga gitaa ambaye wazee wa mji bado wanamkumbuka.

Kitwana alipotea mwaka ule volkano ya Nyiragongo ilipotapika moto hadi katikati ya mji. Familia ilikwisha kutoka salama, lakini yeye akarudi mbio kufuata gitaa, mguu mmoja na kandambili, mwingine peku. Hakuonekana tena. Ndugu walimsihi Asma akae eda, akakataa katakata. Eda ni ya mjane, na yeye si mjane. Mumewe amechelewa tu. Kumwambia vingine ilikuwa kutafuta ugomvi.

Kwa hiyo alimwekea sharti Gentil, aliyeongoza mchezo: "Bwana yangu asikufe kwa teatre yenu."

"Hatakufa, mama. Ataenda kuchukua gitare, atarudia, tutamaliza na wimbo."

Ukumbi ulijaa. Aruna alitokea na koti la baba yake, watu wakapiga vigelegele. Asma alipaswa kufurahi. Badala yake hakutulia kitini: mara avute kanga, mara ageuke kutazama mlango.

Ikafika zamu ya volkano. Taa nyekundu. Moshi. Aruna akatupa kandambili moja, akakimbilia nyuma ya pazia. Punde mtu akatoka ndani ya moshi na gitaa, akaketi, uso umeinama, akaanza kupiga.

Asma akatabasamu. Ulikuwa wimbo wao wa ndani, ambao Kitwana aliutunga na hakuwahi kuuimba nje. Aruna aliujua kwa kuwa ndio aliobembelezewa utotoni. Mwanangu amenifichia zawadi, Asma akawaza.

Mkono ukamgusa begani.

"Mama," Aruna alinong'ona, jasho likimtiririka. "Makamba ya gitare imekatika yote. Ntarudia kule namna gani?"

Asma akamtazama. Akatazama jukwaani.

"Ni nani ule?" Aruna akauliza.

Asma alikuwa akitazama miguu. Mguu mmoja wa yule mpigaji ulikuwa na kandambili. Mwingine ulikuwa peku, mweusi tii.

Kisha mtu yule akaimba, sauti ya chini, kavu: "Nibishe ao nipite?"

Akanyamaza. Akangoja, kama mgeni aliyebisha hodi mlangoni. Wimbo ule huimbwa na wawili, na jibu lilikuwa la mke. Miaka yote Asma alikuwa ametamani kuulizwa tena swali hilo. Sasa aliogopa. Atakayejibu atakuwa amemkaribisha. Aling'ata kanga, machozi yakimtoka, kwa maana alimpenda.

"Nibishe ao nipite?"

Gitaa likazunguka, likarudi palepale, likangoja. Aruna ni mwimbaji tangu utoto. Wimbo ukiachwa wazi, mdomo wake huujaza wenyewe.

"Mulango iko wazi," akaimba, "ingia."

Umeme ukakatika.

Uliporudi, kiti kilikuwa kitupu. Watu walisimama wakishangilia. Gentil aliinama kushukuru huku macho yake yakimtafuta Aruna.

Mama na mwana walifika Majengo jua lingalipo. Kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Asma akalifungua.

Majivu. Nyayo za majivu sakafuni, kutoka mlangoni hadi chumbani kwake. Mguu mmoja wa kandambili. Mguu mmoja wa vidole.

"Angalia kama zinarudia," Asma akanong'ona.

Aruna akaangalia. Zote zilielekea ndani. Chumbani hapakuwa na mtu.

Jioni ileile Asma alijitanda nguo nyeupe, akaanza eda aliyoikataa miaka yote. Aliikaa hadi mwisho. Lakini Aruna bado hufagia majivu kila asubuhi, na Asma bado hulala ukingoni mwa kitanda, kwa sababu upande wa ukutani haupoi.