Nilisema Ukweli wa Maji, Nikakosa Mazishi ya Mama

Nina miaka thelathini na tisa, wasomaji wenzangu, na nauza machungwa nje ya stendi ya Msamvu, mjini Morogoro. Nikisikia mtu anaongea Kiluguru huwa nageuza uso. Naogopa asije akawa mtu wa kwetu...

Kwetu ni milimani, juu ya Mkuyuni. Sisi Waluguru ardhi inapitia kwa mama. Shamba langu la migomba na pilipili manga nilipewa na ukoo, na msimamizi wa ukoo alikuwa mjomba, kaka yake mama. Huyo ndiye aliyenilea baba alipotuacha. Nilimpenda mno!

Balaa lilianza pale wachimba dhahabu walipoingia msituni, juu ya chanzo cha maji yetu. Walikuwa wanaosha mchanga kwa zebaki, ile dawa inayokamata dhahabu, na uchafu wote ukashuka kwenye ndoo zetu. Maji yakawa kama chai ya maziwa. Samaki wakaelea. Watoto wakatokwa na vipele mwili mzima. Jirani yangu Mwajuma mimba ikaharibika, akashika nyingine, nayo ikaharibika... Kweli hiyo ilikuwa bahati mbaya tu?

Nikapanda msituni kujionea. Niliyemkuta ameinama mtoni, suruali kaikunja hadi magotini, alikuwa Shabani... mdogo wangu wa tumbo moja!

"Dada, rudi nyumbani," aliniambia bila hata kusimama wima. "Mjomba anajua."

Nilishuka moja kwa moja kwa mjomba, nikamwamkia shikamoo, nikamweleza yote. Hakukataa. Kumbe ndiye aliyewakaribisha!

"Mpwa wangu," alisema taratibu, "maji yanapita. Ndugu hapiti."

Nililia siku nzima. Kisha nikamwona Mwajuma anatoka mtoni na ndoo kichwani, maana angechota wapi kwingine? Kesho yake nikashuka mjini, nikaingia ofisi inayohusika, nikasema kila kitu, hata jina la mdogo wangu. Afisa aliyenisikiliza aliniambia, "Ondoa shaka, mama. Jina lako halitoki humu ndani."

Maafisa walikuja na askari. Wachimbaji wakateremshwa na pingu, Shabani akiwa mbele. Kijiji kizima kilijaa uwanjani. Yule yule afisa akasimama, akanitafuta kwa macho, akasema huku anatabasamu, "Tumpigie makofi mama Zuhura! Bila yeye tusingejua lolote!"

Hakuna aliyepiga makofi... Natamani ardhi ingepasuka siku ile!

Mama alikaa chini pale pale vumbini. "Umemuuza mdogo wako," alisema. "Mimi sina binti."

Ukoo ukakaa kikao. Walitaka niende mahakamani niseme nilidanganya. Nilikataa. Ningedanganyaje kwamba nilidanganya? Shabani akafungwa, na mjomba, ambaye hakuguswa kwa kuwa hakukutwa msituni, akanipokonya shamba mbele ya watu. Mume wangu naye akasema hawezi kulala na mwanamke anayeshtaki damu yake. Akafunga mizigo, akarudi kwao Mikese.

Ajabu ni kwamba maji yalirudi kuwa meupe! Wanawake wale wale walioyachota, nikifika, walijitwisha ndoo hazijajaa, wakaondoka. Hata Mwajuma! Alipojaaliwa mtoto mzima nilikwenda kumpongeza. Alinipokea mlangoni, akatazama kulia na kushoto, akaninong'oneza, "Dada Zuhura, nisamehe... usiingie." Siku hiyo ndipo nilipohama.

Nikiwa hapa mjini, mpita njia mmoja wa kwetu alinipa pole ya msiba. Msiba gani? Mama alikuwa ameshazikwa! Wiki nzima ilikuwa imepita!

Shabani alipotoka gerezani alikuja hadi kwenye meza yangu. Nilijua amekuja kunipiga. Alisimama, amekonda.

"Mama alipougua alikuulizia," alisema. "Kila siku alikuulizia. Mjomba aliwaambia ndugu wamjibu kwamba hupatikani kwenye simu... Waliponisimulia nilipotoka, nikaona bora ulijue."

Nilimsogezea kigoda. Hakukaa. Aliondoka, na sijamwona tena.

Mnaniuliza kama najuta? Kwamba nilisema, sijuti. Watoto wanakunywa maji safi kule. Ninachojuta ni kwamba nilikwenda peke yangu, nikaamini ahadi ya mtu nisiyemjua. Tafadhali wenzangu, msipite njia yangu! Ukiona ubaya, usinyamaze, lakini watafute wote wanaoumia, mwende kundi zima, asionekane wa kunyooshewa kidole. Na nyie mnaopokea siri zetu maofisini, mkitupongeza hadharani mnatuzika.

Na wewe uliyemsusia ndugu yako kwa sababu alisema kweli... Mgonjwa akimuulizia, mpigie simu. Mpigie, jamani, hata kama humsemeshi. Mwache afike amshike mama yake mkono.