Rangi ya Pikapu ya Baba

Kila alasiri Koki aliifungua nyumba yao ya mtaa wa Umoja, akanywa chai ya asubuhi iliyokwisha poa, akafanya hesabu za shule pasipo mtu wa kumsemesha. Mamaye alikuwa Kitui akimwuguza nyanya. Babaye, Mzee Mutisya, mchonga vinyago, alirejea jua likishatua.

Mwezi huo Baba alinunua pikapu nyekundu, kuukuu, ya kupelekea vinyago mjini. "Nikishalipia bima," alisema, "kitakachosalia ni nauli ya mama yako, aje likizoni."

Wakiuru, binti wa jirani, alipoiona pikapu alicheka. "Nyekundu? Wee! Bima ya gari jekundu ni maradufu. Mjomba wangu kasema."

"Mjomba wako ana gari?"

"Hana hata baiskeli, lakini anajua!"

Koki hakucheka. Jioni Baba alimpa fomu ya bima aijaze, kama alivyompa karatasi zote za Kiingereza, kwa kuwa yeye hakukisoma. Koki aliandika jina, nambari na mwaka. Alipofika penye rangi, kalamu ilisita. Alikiangalia kiti cha mama, kitupu tangu Pasaka. Akaandika: nyeupe.

Baba alitia sahihi bila kuuliza neno. Tangu hapo nyumba ilizidi kuwa kimya, kwani hata Baba alipokuwapo, Koki alikuwa na jambo asiloweza kumwambia.

Jumamosi waliandamana hadi ofisi ya bima. Karani, Bi Asenath, alipoinua muhuri, Koki alilia. "Usipige! Nimeandika uongo. Pikapu ni nyekundu. Nilitaka bima ipungue, mama aje."

Bi Asenath aliuweka muhuri chini. "Binti yangu, bei hatuipimi kwa rangi. Tunatazama thamani ya gari, kazi yake, na ajali za mwenyewe. Rangi ni ya kulitambua tu. Lakini ajali ingetokea, uongo huu ungeweza kumnyima baba yako fidia."

"Kwa hiyo bei ni ile ile niliyotajiwa?" Baba aliuliza.

"Ile ile, Mzee."

Nauli ilikuwa salama. Baba alimgeukia Koki, akampa kalamu.

"Mimi nimetia sahihi kwa macho yako," alisema taratibu. "Yakinidanganya, nitaona kwa macho gani? Sema kweli daima, mwanangu. Na hofu ikikushika usikae nayo peke yako. Niulize, hata nikirudi nimechoka."

Koki alifuta uongo wake kwa mstari mmoja, akaandika juu yake: nyekundu. Kisha akamsomea Baba fomu nzima, neno kwa neno, kwa Kiswahili.