Aliyebaki Lindoni

"Mama amefariki."

Maneno mawili tu, kisha simu ikakatwa.

Gichuki aliirudisha Nokia mfukoni, akaiwasha Honda Accord ya kukodi na kushika barabara ya Oxon Hill, huko Marekani. Mama aliyetajwa hakuwa amefariki. Alikuwa mzima kabisa huko kwao Kapsowar, akikamua ng'ombe wake kama kawaida. Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa amri, nayo ilitoka kwa Dunstan, mkuu wa Idara ya Ujasusi mwenyewe. Jasusi hachagui uongo. Hupewa, akaubeba.

Kazi ilikuwa kumtoa mafichoni kitinda mimba wa mama huyo.

Koplo Kipchumba alikuwa ameacha lindo la ghala la silaha katika kambi ya Nakwarit, mpakani. Usiku huohuo bunduki ziliuzwa kwa magendo, na juma lililofuata zikarudi kuwaua askari wenzake. Mkuu wa kambi, Meja Laurean, aliapa kwamba hajui lolote. Aliyejua ni Kipchumba, na Kipchumba alikuwa Marekani, akiwaogesha wazee wa watu na kulala kwa marafiki, leo hapa kesho pale, asithubutu kupiga simu nyumbani.

"Huyo ni shahidi, si mfungwa," Dunstan alikuwa amesema. "Mlete aseme anayoyajua. Hatalala jela hata siku moja."

Gichuki aliamini. Alitaka kuamini, basi haikumpa taabu.

Jumapili ile, katika kanisa la Wakenya wa huko, wageni walipoombwa kusimama wajitambulishe, alisimama. Alitoa salamu kutoka nyumbani. Kisha akasema kwamba mama yake Kipchumba ametwaliwa, na mwili uko mochari ukimngoja mwanawe. Hakuna aliyeuliza swali. Ni nani humhoji mtu aliyeleta habari ya msiba?

Alasiri hiyohiyo, nyumba ya nesi mmoja aitwaye Jelagat ilijaa watu. Chapati zikapangwa, chai ya tangawizi ikatiwa kwenye chupa kubwa, nyimbo zikaanza. Jelagat alimvuta Gichuki jikoni.

"Nimefungua nyumba yangu kwa sababu ya huyo mama," alisema. "Kijana wake simtaki."

"Kwa nini, dada?"

"Kaka yangu aliuawa Nakwarit. Huyu angekaa kwa post yake, kaka yangu angekuwa hai. Wamfunge, halafu watupe funguo."

Gichuki aligeukia sebuleni. Mlango ulikuwa umefunguliwa.

Kipchumba aliingia na sare yake ya kazi, amekonda, macho mekundu. Wanawake walipoanza kumpa pole alilia kwa sauti, bila haya. Jelagat naye akampa mkono. Katika matanga mkono haunyimwi mtu.

Shabaha ilikuwa imenasa. Gichuki aliona aibu, akaimeza pamoja na chai.

Bahati mbaya, tangazo la msiba halina mipaka. Huwafikia waombolezaji, na huwafikia pia wenye bunduki.

Mgeni wa mwisho alivaa koti refu la ngozi. Alijitaja kuwa Leonard, wa Herndon, mji wa jirani, rafiki wa familia. Akaanza kuzunguka sebule akiwasalimu waliokaa, mmoja baada ya mwingine, kama ilivyo desturi. Aliizunguka vizuri. Alikuwa amebakiza watu wawili amfikie Kipchumba.

Jelagat alimsogelea Gichuki, chupa ya chai mkononi.

"Huyo amenisalimia na mkono wa kushoto," alinong'ona. "Matangani? Ni Mkenya wa wapi huyo?"

Gichuki aliutazama mkono wa kulia wa Leonard.

Ulikuwa mfukoni.

"Laleni chini!" Gichuki alipaza sauti.

Bastola ya Beretta ilichomoka. Jelagat ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Hakufikiri mara mbili. Aliimwaga chai yote ya moto usoni pa yule mtu. Risasi ilipiga dari. Gichuki aliruka meza, akaukamata mkono na kuuzungusha mpaka ukalia. Bastola ikateleza chini ya kochi. Ngumi moja, na Leonard akalala juu ya chapati.

Kipchumba hakuwa ametikisika kitini. Mtu aliyefiwa na mama haogopi upesi.

Leonard alipozinduka, maumivu ya mkono ule yalimfundisha kusema. Gichuki akampigia Dunstan simu.

"Huyu katumwa na Meja Laurean. Mji wa Manassas. Ghala nyuma ya stesheni ya treni. Mzigo wa Meja unasafirishwa leo."

"Polisi wa huko wataarifiwa. Ondoka hapo na mtu wako."

Kabla ya jua kuzama, masanduku ya risasi na redio za kijeshi yalikuwa mikononi mwa polisi. Njama ilikuwa imekufa. Mtu wa kawaida angeshangilia.

Gichuki alimtia Kipchumba ndani ya Honda. Jelagat naye aliingia, akakataa kushuka. Alitaka kusikia.

"Meja aliniamuru nifungue ghala, kisha nitazame ukuta," Kipchumba alisema. "Nilikuwa na risasi. Niliogopa kumpiga, na sikutaka kumfungulia. Nikaweka funguo chini, nikaenda zangu."

"Si ungebaki?" Jelagat aliuliza.

"Ningebaki ningefungua."

"Basi ungewaambia wenzako ukitoroka. Neno moja tu. Mdomo si ulikuwa nao?"

Kipchumba alitazama viatu vyake.

"Hilo sina jibu, dada. Nikifungwa, nitajua ni kwa hilo. Mnipe tu nafasi nimzike mama."

Jelagat aligeukia dirisha, akalia. Hakusema tena habari ya kumfunga na kutupa funguo.

Kesho yake, katika uwanja wa ndege wa Dulles, Nokia ilitetema. Alikuwa Dunstan.

"Mtu wako?"

"Yuko mlangoni."

"Vizuri. Meja amestaafu asubuhi hii. Faili lake limefungwa."

Gichuki alisogea pembeni. "Na shahidi wangu?"

"Shahidi wa kesi gani? Huyo ni mtoro. Mahakama ya kijeshi inamsubiri. Wafiwa wanataka mtu afungwe, watapata mtu."

"Uliniahidi, mzee."

"Maliza kazi."

Kipchumba alisimama kwenye foleni, hana pingu, mlinzi wala haraka. Kwapani alishika shuka jipya la sufu alilopewa na Jelagat.

"Ni la kumfunika mama ndani ya sanduku," alisema. "Yeye husikia baridi sana. Watanisubiri kweli, kaka?"

Sentensi moja ingetosha. Mama yako yu hai, rudi nyuma. Milango ya kutokea ilikuwa wazi, na nchi ile ni kubwa, mtu anaweza kupotelea humo hadi uzee.

"Wanakusubiri," alisema.

Kipchumba alimpa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kwa heshima.

"Asante. Mungu akubariki kwa kunifikisha kwa mama."

Akapita.

Gichuki alivaa miwani yake ya Ray-Ban, akatembea taratibu hadi maegesho. Wanawake wawili waligeuka kumtazama. Simu ilipolia tena aliipokea mara moja, maana katika maisha yake hakuwahi kuacha lindo.

Na kwa hilo hakuna mahakama inayomfunga mtu.