Mama Kasoki ndani ya Ziwa Tshangalele

Mota ilikohoa mara mbili, ikatema moshi, ikanyamaza, na hapo hapo mvua ikafika. Haikuanza kwa matone kama mvua yenye adabu. Ilikuja ikitembea juu ya maji, nyeupe, na kabla Kalaba mwenye mtumbwi hajavuta tena kamba ya mota, nchi kavu ilikuwa imefutika pande zote. Ndani ya mtumbwi walikuwamo watu tisa na magunia ya makala, yaani makaa ya kupikia, na kila wimbi lililopita liliacha maji kidogo miguuni mwao.

Mama Kasoki alikuwa ameketi katikati, juu ya gunia. Makala yalikuwa yake.

Na hapa tuseme ukweli: hii ilikuwa safari ya masomo. Prof Anaclet, mwalimu wa biolojia katika shule moja ya Lubumbashi, alikuwa amemsumbua mkuu wa shule mwaka mzima ili klabu yake ya mazingira, wanafunzi sita kwa jumla, ipelekwe ziwani kuona ndege, kuona mafunjo ambamo samaki wanazaliana, na kuelewa kwa nini msitu ukikatwa ziwa nalo linaugua. Ruhusa ilipatikana, lakini gari hapana. Gari alikuwa nalo Mama Kasoki, mzaliwa wa Butembo, muuzaji wa jumla wa maharagi na mafuta ya kupikia, mwenye basi dogo lililozoea mizigo ya mpakani Sakania. Alilitoa kwa sharti moja: na yeye anapanda. Alisema anakwenda kulinda gari lake. Uongo mtupu. Alitaka kumwona mtoto wake Vital akiwa kati ya wenzake, maana nyumbani siku hizi Vital alikuwa anakula bila kusema neno, anafunga mlango wa chumba chake, basi.

Akamwona. Asubuhi mbele ya shule, wakati watoto wa Golf, mtaa wa matajiri, wanashushwa na magari ya vioo vyeusi, msichana mmoja, Dorcelle, alimuuliza Vital yule mama mnene mwenye kitenge na kapu la mikate ni nani. Vital alijibu bila kugeuza kichwa.

"Ule njo Madame wa transport."

Mama Kasoki alisikia vizuri. Alisukuma kapu chini ya kiti, akakaa, akatazama mbele. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi, na kutoka Likasi hadi ziwani, alikuwa anajaribu kulimeza lile neno, na neno halishuki. Mtoto aliyemzaa baada ya kungoja miaka mpaka ndugu za mume wakaanza kunong'ona, leo anamwita Madame.

Sasa, makala. Mtu wa Lubumbashi akitoka nje ya mji harudi mikono mitupu. Hata akienda kuzika, atarudi na viazi vitamu. Kule ng'ambo ya ziwa, walikovushwa na Kalaba, Prof alikuwa amesimama juani akiwaeleza wanafunzi jinsi miti ya miombo inavyoisha, na hajamaliza hata kusema neno déforestation, Mama Kasoki alikuwa tayari anapapasa magunia kando ya njia, anayapima uzito kwa goti.

"Maman Kasoki," Prof alimwambia kwa upole, "tumekuya kufundisha batoto kulinda miti."

"Minasikia, Prof. Kwenu munapikaka na nini?"

Prof akageuka kuwatazama ndege. Vital naye akaenda kusimama mbali, nyuma ya wenzake, uso unamwaka kwa aibu. Makala yakapakiwa, na kwa sababu nafasi ilikuwa ndogo, Kalaba akaacha ufukweni ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mota iko nzima, alisema.

Basi ndiyo hiyo mota. Kalaba aliifungua, akaipuliza, akaifuta kwa shati lake, akaitukana kwa Kibemba. Haikujibu. Upepo ukawachukua kuelekea ulikotaka wenyewe, si walikotaka wao. Chadrack, mwanafunzi mrefu aliyekuwa na sauti kubwa tangu asubuhi, sasa alikuwa anachota maji kwa kopo la rangi kimya kabisa, na Vital, mbele kabisa, alichota kwa kiatu chake.

"Makoti ya kuelea iko wapi?" Mama Kasoki aliuliza.

Yalikuwapo. Prof aliyakodi mwenyewe. Ila yalikuwa sita na watu tisa, na Prof, mtu wa haki, aliona vibaya wengine wavae na wengine wakose. Kwa hiyo yote yalibaki ndani ya gari, makavu, pamoja na dereva Osée.

"Kalaba," Prof aliuliza, akijaribu kuifanya sauti yake iwe ya darasani, "hapa maji iko murefu?"

"Hapa? Hapa njo njia ya muto ya zamani, kabla batengeneze barrage ya kufunga maji. Miye tangu nizaliwe sijagusa chini." Kalaba alitazama maji yaliyokuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. "Makala itoke."

Mama Kasoki hakubisha, ila biashara iko damuni. Alinyanyua gunia la kwanza peke yake, akalisukuma likaenda. Akasukuma la pili. Kisha akamgeukia Kalaba.

"Mbili inatosha?"

"Haitoshi, Mama."

"Tatu."

"Mama, hapa hatubishane bei. Maji inaingia."

Yakatoka yote. Makala yakaelea nyuma yao, mtumbwi ukapanda kidogo, wanafunzi wakashusha pumzi. Ndipo Mama Kasoki alipoona gunia moja zaidi, nyuma, chini ya koti la mvua la Prof. Alilihesabu kwa macho. Lilikuwa kubwa kuliko yake.

"Hii iko ya nani?"

Prof alifuta miwani. Ilikuwa imelowa, na kitambaa nacho kilikuwa kimelowa, kwa hiyo alifuta kwa muda mrefu.

"Ni ya mama wa nyumba," alisema mwishowe. "Alisema nisirudiye mikono mitupu."

Hata katika ile baridi, meno yanagongana, wanafunzi walicheka. Dorcelle alicheka mpaka akalia, na baada ya hapo alilia tu. Gunia la Prof likafuata mengine.

Lakini maji hayakuacha kuingia. Wimbi dogo tu lilivuka ukingo. Kalaba aliangalia mtumbwi kutoka mwisho hadi mwisho, kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza, kisha akaangalia pembeni. Prof naye akaangalia pembeni. Chadrack akainamia kopo lake. Mama Kasoki alielewa kila kitu. Alikuwa mwanamke wa kilo zake, hakuwahi kujificha, na katika ule mtumbwi hakukuwa na gunia jingine la kutupa.

Alimtazama Vital. Mtoto alikuwa anachota kwa kiatu, midomo imekuwa myeupe, macho makubwa kama siku ile ya surua alipokuwa na miaka minne. Hajui kuogelea. Ukoo wao wote haujui kuogelea. Butembo ni milima na baridi, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuingia Mama Kasoki yalikuwa ya beseni.

Alivua viatu. Alifunga kitenge mara ya pili, kwa nguvu. Alimpa Prof mkoba wake.

"Shika. Usifungue."

"Maman Kasoki, unafanya nini?"

"Ninashuka."

Ilikuwa kazi. Kalaba aliwalaza wanafunzi wote upande mmoja ili mtumbwi usipinduke, na Mama Kasoki akateremka upande mwingine kwa tumbo, mguu mmoja, kisha wa pili, akilitaja jina la Yesu kwa kila kidole kilichoingia majini. Baridi ilimpanda mpaka masikioni. Alishika ukingo kwa mikono miwili. Mtumbwi ukapanda kiganja kizima, na mawimbi yakaanza kupita chini badala ya kuingia. Alifanya jambo zuri, na alijua, na alikuwa anaogopa kufa.

"Miguu juu, Mama," Kalaba alimwelekeza. "Usiache ishuke chini. Mamba inapendaka miguu."

Mama Kasoki akainua miguu, akaipigapiga juu ya maji.

"Mamba ya hapa inakulaka sana sana samaki," Prof alisema ili kumtuliza. "Sana sana."

"Prof, unyamaze kwanza."

Prof akanyamaza, akatoa rozari. Mama Kasoki alikuwa Mprotestanti wa kweli kweli, siku zote anabishana na majirani Wakatoliki juu ya Bikira Maria. Leo Prof alipoanza Salamu Maria hakubisha. Alipomaliza kumi la kwanza, sauti ya Mama Kasoki ndiyo iliyosikika ikimwambia aendelee.

Walikwenda hivyo kwa muda mrefu, upepo unasukuma, mvua inapiga, kopo linachota. Ubao wa ukingo ulikuwa na mpasuko, ukamchana kiganja, damu ikashuka mpaka kwenye kiwiko. Alibadilisha mkono. Mkono wa pili nao ukafa ganzi. Vital alikuwa kule mbele, ameshamgeukia, anamtazama. Mama alitaka amwambie neno moja tu, lolote. Mtoto hakusema.

Chadrack ndiye aliyesikia mota. Alianza kupiga kopo la rangi kwa ngumi, wote wakapiga kelele, na kutoka kwenye mvua ikatokea mashua ndogo ya walinzi wa hifadhi. Dereva Osée alikuwa ameona dhoruba, akawakimbilia walinzi hao kuomba msaada. Aliyeiendesha alikuwa mama mmoja mwembamba mwenye kofia ya kijani, Mwansa. Alifunga mashua yake kando ya mtumbwi kwa mkono mmoja, akatazama watoto, akamtazama Mama Kasoki anavyopiga miguu.

"Batoto kwanza," alisema. "Maman ule anaweza kungojea kidogo."

"Kungojea namna gani?" Prof alikasirika. "Yuko anazama."

"Angojee tu," Mwansa alisema, bila haraka yoyote. "Iko nani wenu?"

"Ni Madame wa transport," Dorcelle alijibu, akitetemeka, wakati anavushwa.

Mama Kasoki alilisikia tena lile neno, safari hii maji yakiwa mdomoni. Wanafunzi wakavuka mmoja mmoja. Chadrack akavuka. Akabaki Vital, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye mashua, na Mwansa amemshika mkono. Hapo vidole vya Mama Kasoki vikafunguka vyenyewe. Hakuviamuru. Ukingo ukamtoka, kichwa kikaingia chini, kitenge kikamfunika uso, akanywa ziwa.

"Mama."

Hilo alilisikia hata chini ya maji. Kisha kukawa na mshindo, mtu ameanguka majini mwili mzima karibu naye, na mikono ikamshika kwenye kitenge, ikavuta. Juu, Prof anaita watakatifu wote kwa majina. Mama Kasoki alitoka akikohoa, akipiga maji kwa mikono na miguu, akimpiga na mtoto wake usoni, maana mtu anayekufa hachagui wa kumpiga.

"Mama, simama."

"Siwezi."

"Mama. Simama tu."

Kulikuwa na kitu katika sauti ya Vital, kitu cha aibu na cha kicheko, kilichomfanya afungue macho. Mtoto alikuwa wima. Maji yalimfika mbavuni. Mama Kasoki akashusha mguu mmoja, akingoja mamba. Akakuta matope. Akashusha wa pili. Akasimama, na ziwa likamfika kifuani.

Prof alimgeukia Kalaba, na Kalaba akatazama juu, akaichunguza mvua.

"Upepo ilitupeleka mbali na muto," alisema.

"Huku bantu banatembeaka na miguu, banatega samaki," Mwansa alieleza. "Nilizani munajua. Nilisema huyu maman anapumzika."

Aliyeanza kucheka ni Prof. Chadrack akafuata, na kicheko kikaenda mpaka Kalaba akalazimika kukaa. Mama Kasoki naye alicheka, damu mkononi, kamasi zinashuka, akiwa amejishikilia kwa bega la mtoto wake. Kisha akaacha kucheka. Mfanyabiashara huwa anahesabu, na hesabu moja ilikuwa haijafungwa.

"Vital. Wakati uliruka, ulijua maji iko mufupi?"

Vital alijipangusa uso. Wenzake wote walikuwa wanamtazama kutoka kwenye mashua, Dorcelle mbele kabisa.

"Apana, Mama."

"Na kuogelea, unajua tangu lini?"

"Sijui kuogelea."

Moyo ulimjaa Mama Kasoki mpaka akakosa pa kuuweka. Basi akanyoosha mkono wake mzima, akamshika sikio, akalikunja sawasawa, mbele ya klabu nzima ya mazingira na watoto wote wa Golf.

"Siku ingine ukiruka mu maji bila kujua kuogelea, mi mwenyewe nitakuua. Unasikia?"

"Minasikia, Mama."

Mwansa aliwaambia wapande. Mama Kasoki alikataa. Mashua alikwisha kuziona za kutosha. Alikwenda kwa miguu, akipasua maji na mafunjo kuelekea ufukweni, sikio la mtoto likiwa mkononi, na Vital aliinama kidogo ili mama yake aweze kulifikia vizuri. Hakumwomba aliachilie mpaka walipofika.