Programu ya Tatu

Fundi kompyuta alisema "moja, mbili" ili kujaribu maikrofoni, na kompyuta ikamrudishia sauti yake kama kawaida. Ila baada ya "mbili" kulikuwa na mwanamke aliyecheka kidogo. Fundi akasema ni mwangwi tu. Mafundi hawakosi jina la kuipa kila kasoro.

Mkewe muuguzi alikuwa ameenda kufanya kazi nchi ya mbali, miezi mitano tu baada ya harusi. Walionana kwa kompyuta, mpaka programu waliyoizoea ilipoacha kufanya kazi kwenye mfumo wake huria, ule wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Mtu mwingine angenunua mfumo mwingine, yakaisha. Yeye king'ang'anizi, akaanza kutafuta mbadala.

Programu ya kwanza ilileta picha safi. Mkewe alisalimia, kisha akauliza taratibu ni nani anayecheka nyuma yake. Fundi akageuka. Hapakuwa na mtu, ila chumba kilinukia marashi. Akaifuta programu ile, akaweka ya pili.

"Leo kavaa bangili," mkewe alisema, macho yamemjaa machozi. "Nazisikia. Mume wangu, wivu utaniua huku ugenini. Nikimsikia tena huyo mwanamke, mimi na wewe basi."

Fundi aliapa yuko peke yake. Hata yeye alizisikia zile bangili.

Jumamosi mchana akapata ya tatu. Akamtumia mkewe ujumbe wa kumwelekeza namna ya kuipakua, na kabla hajavuta kiti ikaita. Mkewe huyo, na sare yake ya kazini, anatabasamu. Hakukuwa na kicheko wala bangili. Alimwambia amemsamehe, akalisifia shati lake jipya, akamwuliza kwa sauti laini kwa nini asiache kabisa kuongea na wanawake wengine, hata wateja, hata dada zake, wabaki wao wawili tu, na Fundi, ambaye furaha ilikuwa imemlevya, alikuwa akiitikia kila neno mpaka alipohisi marashi yamekuwa mazito hata pumzi haipiti, akatazama vizuri na kuona kwamba pazia lililoning'inia nyuma ya mkewe lilikuwa pazia la chumba hiki hiki alichokaa.

Simu ya mkononi ikaita. Akaipokea.

"Samahani mume wangu, nilikuwa wodini," mkewe alisema, mchangamfu kuliko siku zote hizo. "Ndiyo kwanza naipakua hiyo programu yako. Nimekukumbuka."

Kwenye skrini, tabasamu lilikwisha.

"Ni nani huyo unayeongea naye?"

Sauti haikutoka kwenye spika. Ilitoka begani kwake, karibu kabisa na simu, nayo ilijaa wivu.



"Nimemsikia," mkewe alisema, akakata simu.