Medali Shingoni mwa Bertilla

Mwaka 1974, stendi ya malori ya Majengo ilijaa watu waliokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa. Lukmani, dereva wa lori la baba yake, alikuwa amechoka hata kusimama. Alimshika mkono msichana mwenye gauni la bluu lililopauka asianguke akishuka lorini, na uzi wa medali shingoni mwa msichana ukanasa kwenye kifungo cha shati la Lukmani.

"Dada, umenifunga."

"Tulia nikufungue, kaka. Nina haraka."

"Mimi sina haraka."

Aliitwa Bertilla, wa Mwazye, fundi cherehani. Miezi ikapita, Lukmani akipitia kila jioni kwenye kibaraza cha duka alikoshonea. Alipomposa, Bertilla alishika medali yake nyeusi.

"Marehemu mama aliniachia hii. Mama mkubwa Hilaria anasema alipewa na masista, akaniwekea nadhiri ya utawa, nisiolewe. Hawa waliochorwa ni Yosefu na Maria."

Lukmani aliondoka bila kuaga. Akiwa Tunduma alimpigia Bertilla simu ya pale dukani.

"Kama ni dini yangu, sema, mpenzi."

"Si dini. Nimeshakwambia ukweli."

"Ukweli wa kunichosha."

Simu ikakatika.

Alirudi na matope hadi magotini. "Nipe niione," alisema, akaisugua kwa majivu na limau. Weusi ukatoka. "Bertilla, Yosefu si alikuwa seremala? Taji la nini?"

Bertilla aliipeleka kwenye mwanga, akasoma herufi za Kiingereza polepole. "King George. Queen Mary. 1910, 1935." Akakaa chini. "Mwaka huo mama alikuwa msichana mdogo wa shule."

Wakampelekea Mzee Muhidin, baba yake Lukmani, kwenye duka lake la vitambaa.

"Hizi tuligawiwa shuleni," alisema, akiendelea kupima kitambaa. "Mfalme wa Waingereza alitimiza miaka ishirini na mitano ya kutawala. Yangu nilimvisha mbuzi."

Kesho yake walipanda lori kwenda Mwazye. Bertilla aliingia peke yake. Mama Hilaria alisikiliza yote, akaigeuza medali mkononi.

"Mimi sikudanganya, mwanangu. Nilimkuta nayo akifa, nikadhani ni ya masista na ya nadhiri."

"Najua, mama."

"Kumbe miaka yote hii nambusu mfalme wa Waingereza." Akajiegemeza ukutani. "Huyo Mwislamu anakupenda?"

"Ananipenda."

"Mambo ya dini mtayajibu wenyewe. Mimi nimechoka. Mwite ale, ugali unapoa."